TOSAMAGANGA: KIMYA KILICHONISUTA

Mpenzi msomaji, kabla sijafika mbali naomba nikuulize swali la kichokozi. Umewahi kusikia masikio yako yanapiga kelele yenyewe, kwa sababu tu hakuna kelele nyingine ya kusikiliza? Kama hujawahi, basi wewe hujalala Tosamaganga.

Stori yenyewe inaanzia mbali kidogo, ng'ambo ya bahari. Nina mshikaji wangu mmoja tuliyemaliza naye kidato cha nne. Mwenzetu alibahatika, mjomba wake akamvuta Marekani. Sisi huku kijiweni Mwananyamala tukajua jamaa kaula. Tukamwona kwa macho ya akili yuko katikati ya magorofa, taa zinawaka usiku kucha, warembo wanapishana. Kumbe mwenzetu kafikia mji mdogo jimbo la Iowa, mashamba ya mahindi kulia, mashamba ya mahindi kushoto. Mtaa wa maduka mmoja tu, na jua likizama wenye maduka wanafunga. "Yaani hapa," akaniambia kwenye simu akiwa karibu kulia, "nikipiga chafya saa tatu usiku, asubuhi jirani ananiuliza kama nimepona!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwambia, ndugu yangu, hayo unayoyaona Marekani mimi nimeyaona hapa hapa Bongo, tena bila viza. Nimekaa Tosamaganga mwezi mzima.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu ni muuguzi, na kwa miaka mingi makazi yake ni huko. Alipata safari ya kikazi ya mwezi mmoja Dodoma, akamwomba baba amtafutie mtu wa kulala nyumbani kwake na kuangalia kuku. Mtu asiye na kazi ya kuamkia katika familia yetu ni nani? Ni mimi, mwandishi wa kujitegemea. Nyumbani wanasema kujitegemea maana yake ni kutegemea wazazi, lakini hayo tuyaache.

Basi bwana, nikadaka basi Mbezi alfajiri. Morogoro, Mikumi, tukachungulia swala dirishani, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, kisha tukaanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya malori yanayotembea kama mzee aliyeshiba. Kama kilomita 500 hivi mpaka unafika Iringa mjini. Kutoka hapo ni daladala, kama kilomita 15 hivi za mashamba na mikaratusi, na mara unaliona kanisa kubwa la matofali mlimani na mapaa ya vigae vyekundu. Umefika.

Tosamaganga ukiuita mji unautania, ukiuita kijiji unautukana. Ni misheni iliyoota watu. Kuna kanisa, hospitali, sekondari kongwe inayojulikana nchi nzima, chuo cha afya, nyumba za masista, maduka mawili matatu, halafu mashamba. Wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani ndio walioanza hapo miaka ya 1890, wakati huo huo Wajerumani wenzao wenye bunduki walipokuwa wakipambana na Mtwa Mkwawa. Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyopigwa kwa mizinga mwaka 1894, haiko mbali na hapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waitaliano wa shirika la Consolata. Jina lenyewe ni la Kihehe, maana yake ni kutupa mawe. Mimi nilipoambiwa hivyo nikajisemea, haya, mahali penye jina la vurugu namna hii lazima patakuwa pamechangamka.

Wapi!

Siku ya kwanza nilikuta ni mwezi wa Juni, baridi ya nyanda za juu inang'ata mpaka kwenye meno. Tuko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mimi nimebeba fulana nne na ndala. Saa mbili usiku nikatoka nje kutafuta chipsi. Msomaji wangu, nilikutana na giza, mbwa mmoja, na mlinzi aliyejifunika blanketi akaniuliza kwa upole, "Baba, umepotea?" Nikasema hapana, natafuta chipsi. Akanitazama kwa huruma kama anatazama mgonjwa. Nikarudi nikakaanga mayai ya shangazi.

Usiku huo ndio masikio yalipoanza kupiga kelele. Kwetu Mwananyamala nimezoea kulala na muziki wa baa, bodaboda, jirani anagombana na mkewe, muadhini, na kuku wa watu. Hapa nilisikia moyo wangu mwenyewe. Nikawasha redio ya shangazi nikailaza kifuani kama mtoto.

Nikuambie na kitu kingine kuhusu mahali palipotulia: kimya kipo, lakini faragha hakuna. Siku ya pili kila mtu alijua mimi ni nani. "Wewe ndiye mtoto wa kaka yake nesi." Nikinunua sabuni, wanajua. Nikichelewa kufungulia kuku, mtu anapita njiani anasema, "Leo umelala sana, baba." Na salamu sasa! Kutoka kwa shangazi mpaka dukani ni mwendo wa dakika tano, mimi nilikuwa natumia dakika ishirini. Huwezi kumpita mtu. Unasimama, unatoa mkono, "Kamwene," naye anajibu, "Kamwene," kisha mnaulizana habari za nyumbani, habari za baridi, habari za kazi, habari za kuku. Mimi ni Mhehe wa jina tu, Kihehe changu kiliishia kwenye salamu hiyo hiyo moja, lakini nikaitumia mpaka ikachakaa.

Wiki ya pili nikaanza kunogewa, sikufichi. Nilianza kuamka na kengele ya kanisa. Nikawa najua sauti ya daladala ya kwanza. Jioni nakaa kwenye benchi la duka na kijana mwenye duka, rika langu, tunakula mahindi ya kuchoma na kutazama ndugu wa wagonjwa wakipita na chupa za chai na vikapu vya chakula. Wanafunzi wanarudi, masista wanapita, jua linazama, imekwisha. Ulanzi nilichelewa, maana msimu wake ni wa mvua, lakini hata bila ulanzi nilikuwa nimelewa utulivu. Nikasema moyoni, kumbe maisha ndiyo haya.

Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyenitia shaka.

Ni mama wa makamo, umri wa kama miaka sitini. Kila asubuhi anapita mbele ya geti la shangazi na jembe begani, kila jioni anarudi na mzigo wa kuni. Mara ya kwanza nikamwamkia kwa mbwembwe zangu, "Kamwene mama, shikamoo!" Akapita. Nikadhani hakusikia. Siku ya pili, vile vile. Siku ya tatu nikamwona akifika kwa jirani wa kushoto anasimama, anasalimia, anacheka. Akifika usawa wa geti letu, anatazama barabara. Akifika kwa jirani wa kulia, anasimama tena, anasalimia. Yaani geti letu lilikuwa kama halipo duniani.

Mahali ambapo watu wanasalimiana mpaka na mbuzi, kunyimwa salamu si jambo dogo. Nikamuuliza kijana wa dukani. Akashusha sauti. "Yule haamkii geti la nesi. Tangu sisi tuko shule ya msingi. Hata kanisani wakati wa kupeana amani anageukia upande mwingine. Muulize shangazi yako."

Usiku nikampigia shangazi Dodoma. Kwanza akakaa kimya. Kisha akasema, "Unamkumbuka yule dada aliyekulea?"

Msomaji, simu nusura inidondoke.

Wewe wa mjini unajua ninachozungumza. Dar es Salaam neno "hausigeli" na neno "Iringa" yamekuwa kama chai na kikombe. Mtu akitaka msichana wa kazi anapiga simu kwa ndugu yake aliyeko Iringa, kama anayeagiza viazi. Mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho, baba alimpigia dada yake. Shangazi akaenda kwa mama huyu huyu wa kuni, akakaa kwenye kigoda, akasema binti anakwenda kwa kaka yangu, ni kama anakwenda kwangu. Binti alikuwa kama miaka kumi na sita. Kwetu alikuwa haitwi jina, aliitwa Dada tu. Dada alinifulia, alinipeleka shule, alinipikia uji wenye karanga, na akinikuta nalia alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa kijeba wa miaka kumi.

Mshahara wake ulikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mama alikuwa anamtunzia ili asizichezee. Usishangae, enzi hizo ndivyo ilivyokuwa. Hata serikali ilipotangaza kima cha chini mwaka 2013, mtumishi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida alipangiwa shilingi 40,000.

Novemba mwaka 2010, shilingi 20,000 zilipotea kwenye pochi ya mama. Nyumba ikageuka mahakama. Dada akalia, akaapa, begi lake likamwagwa sakafuni. Kesho yake akapandishwa basi. Mshahara wake wa miezi miwili uliokuwa umetunzwa, mama akauzuia. Akasema ni fidia na adabu.

"Basi," shangazi akaendelea, "alirudi hapa na mfuko wa rambo, na jina la mwizi likamtangulia kabla hajashuka kwenye gari. Mama yake alikuja getini kwangu akaniambia neno moja tu: 'Ulisema ni kama kwako.' Tangu siku hiyo hajanisalimia. Na mimi simlaumu, ila na wewe unajua, mama yako ni wifi yangu, ningesemaje?"

Nikajibu, "Haya shangazi. Kuku wamekula." Nikakata simu.

Unataka kujua kwa nini sikuweza kusema zaidi ya hapo? Kwa sababu zile shilingi 20,000 nilizichukua mimi.

Ndiyo. Mimi mwandishi wako unayenisoma kila wiki nikikupa ushauri wa jinsi ya kuishi na watu. Nilizichukua kwenye pochi nikaenda kucheza gemu kwenye banda la mtaa wa pili, nikawanunulia washikaji chipsi na soda siku nne mfululizo, nikaonekana bosi. Dada alipokuwa anamwagiwa begi lake mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nyekundu ya soda bado iko kwenye ulimi. Nilitaka kusema, naapa. Nikaogopa fimbo. Kesho yake nikaogopa zaidi, kwa sababu alikuwa ameshaondoka. Mwaka ukapita, ikawa kama ndoto. Dar kuna kelele nyingi, bwana. Ukitaka kusahau kitu mjini, mji unakusaidia.

Tosamaganga haikusaidii. Nililala macho wazi, redio nimeizima mwenyewe. Nilianza kuuelewa utulivu ule niliokuwa nausifia kwenye benchi la duka. Sehemu yake ni ya milima na sala, sikatai. Lakini sehemu nyingine ni ya watu wasiokuwepo. Nenda kwenye nyumba za pembeni uulize binti wa hapa yuko wapi. Yuko Dar. Na wa pale? Yuko Dar, kwa watu. Kelele zao za ujana zinapigwa kwenye majiko ya Sinza na Tabata, wakibembeleza watoto kama nilivyokuwa mimi. Kimya nilichokuwa nakinywa kama dawa, kidogo chake tulikitengeneza sisi wa mjini.

Siku tatu nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Asubuhi mama anapita na jembe, mimi najificha nyuma ya pazia. Jumapili baada ya misa nikanunua sukari kilo mbili na sabuni ya mche, nikamwomba kijana wa dukani anielekeze nyumba. Hakuniuliza kitu. Mahali kama pale watu wanajua wakati wa kuuliza na wakati wa kunyamaza.

Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Aliponiona mikono ikasimama, kisha ikaendelea. Nikabisha hodi mara tatu. Ya tatu ndiyo akajibu, "Karibu," kavu kama punje. Akanisukumia kigoda kwa mguu.

Nikaamkia. Nikaweka sukari chini. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri, si unajua mimi ni mtu wa maneno, lakini yote yakakimbia. Nikasema tu, "Mama, ile hela niliiba mimi. Dada hakuiba. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua."

Alipukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Akachukua lingine. Kuku wakaja wakadonoa, hakuwafukuza. Nakwambia kimya chote cha Tosamaganga kilihamia kwenye ua ule. Mwisho akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwaka ule tulipanda bila mbolea. Tulikuwa tunazisubiri zile hela zake."

Hakusema lingine kuhusu hilo. Hakunitukana, hakulia. Ningefurahi angenitukana. Akaingia ndani, akatoka na simu ndogo ya kubonyeza, akapiga, akaongea Kihehe maneno machache ambayo sikuyaelewa isipokuwa jina langu. Kisha akaweka spika, akanipa.

Dada yuko Mafinga siku hizi, anauza mitumba, ana watoto wawili. Sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikiniamsha shule. Nikarudia maneno yangu, sauti inanitetemeka kama mtoto wa darasa la nne. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Nilifua kaptula yako, nikakuta mfukoni noti ya elfu kumi iliyobaki. Niliirudisha pale pale."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ningesema, angeaminiwa nani?"

Sikuwa na jibu. Na wewe msomaji, jiulize kwenye nyumba yako, kitu kikipotea kesho, ataaminiwa nani?

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumbana. Nikamwambia nitamtumia ile mishahara yake miwili, tena na zaidi. Hapo ndipo aliponiambia neno ambalo nilisafiri nalo kilomita zote mpaka Dar: "Hela sikatai. Lakini wewe umeniambia mimi ninayejua. Kamwambie asiyejua."

Mama yake akachukua simu yake. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Baba, kunywa togwa ndio uende." Nikanywa. Ilikuwa ya baridi na nzito, nikaimeza pamoja na machozi.

Shangazi alirudi, nikampa funguo, kuku wake wote salama, nikapanda basi. Tulipokuwa tunateremka Kitonga abiria wengine walikuwa wanaogopa korongo. Mimi nilikuwa naogopa sebule ya nyumbani kwetu.

Nilimwambia mama usiku huo huo, anaosha vyombo. Niliona nikilala nalo, kelele za Mwananyamala zitanisaidia kusahau tena. Mama aliacha maji ya bomba yanatiririka muda mrefu sana, yeye anayegomba hata kwa ndoo moja ikimwagika. Nilisubiri kofi. Nina miaka ishirini na tano na nilisubiri kofi. Badala yake akafunga bomba, akakausha mikono kwenye kanga, akauliza kwa sauti ndogo, "Namba yake unayo?"

Akatoka nje na simu. Alikaa huko karibu saa nzima, kwenye ngazi, gizani, mbu wote wa Mwananyamala wakimla. Walichoongea sikijui, na sikuuliza. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mwisho wa mwezi nilimtumia Dada mishahara yake miwili na nyongeza, fedha za makala zangu za mwezi mzima. Mama naye alituma zake kimya kimya, nikaja kugundua baadaye.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia asubuhi na mapema, mpaka nikashtuka nikidhani kuna msiba. Alikuwa anaongea haraka haraka kama binti mdogo.

"We mtoto! Leo nilikuwa nafagia nje. Kapita na jembe lake. Kafika hapa getini, kasimama."

"Akasemaje?"

"Kamwene. Basi. Halafu akaenda zake shamba."

Shangazi akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Kwenye simu nikasikia jogoo wake mmoja, kwa mbali kengele ya kanisa, na baada ya hapo hakuna kitu kingine chochote.

Yangu kwa leo ni hayo. Kama na kwako kuna Dada jikoni, muulize jina lake, na mshahara wake mpe mkononi. Tukijaaliwa tukutane wiki ijayo.